Patty Kazmaier: Beki aliyefariki na miaka 28, jina lake likageuka tuzo

KILA ifikapo Machi, mabinti watatu hubaki kwenye mchujo wa mwisho wa tuzo kubwa kuliko zote katika hoki ya barafuni ya wanawake kwa vyuo vya Marekani. Wanavaa vizuri, wanakaa na familia zao, mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Kisha linatajwa jina la mshindi. Lakini kabla ya jina hilo, na baada yake, kuna jina jingine linatajwa mara nyingi zaidi. Patty Kazmaier.

Wengi wa mabinti hao hawakuwa wamezaliwa alipofariki. Hawakumuona akiteleza barafuni. Hakuwahi kucheza Olimpiki, hakuwahi kuvaa jezi kwenye Kombe la Dunia, na hakupata hata shilingi moja kwa kucheza hoki. Alikuwa beki wa timu ya chuo, basi. Lakini ukitaka kujua nani alikuwa bora katika mchezo huo kwa mwaka fulani, unauliza nani alitwaa Patty Kazmaier.

Ni stori ya binti aliyezaliwa kwenye nyumba yenye tuzo, akacheza kwenye uwanja wenye jina la marehemu, halafu yeye mwenyewe akaja kuwa vyote viwili.

BABA STAA

Patty alizaliwa mwaka 1962, mmoja wa mabinti sita wa Dick Kazmaier. Kwa msomaji wa soka jina hilo linaweza lisiseme kitu, ila kwa Wamarekani wa enzi zile lilikuwa jina zito kinoma.

Dick alitokea mji mdogo wa Maumee, jimbo la Ohio. Alikwenda Chuo Kikuu cha Princeton, kule New Jersey, akacheza mpira wa miguu wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega yaliyojazwa. Msimu wa 1950 Princeton haikupoteza hata mechi moja. Msimu wa 1951 ikarudia vilevile, na mtu aliyekuwa akiiendesha timu alikuwa ni yeye. Alikimbia na mpira, alirusha pasi, alipiga mashuti. Sura yake ikapamba jalada la jarida la Time.

Mwisho wa mwaka huo akatwaa Heisman. Hiyo ndiyo tunaweza kuiita Ballon d'Or ya wachezaji wa vyuo kule Marekani. Hadi leo hakuna mchezaji mwingine aliyetokea kwenye vyuo vya kundi la Ivy League aliyeitwaa tena baada yake.

Kilichofuata ndicho kilichowaacha watu midomo wazi. Klabu ya Chicago Bears ilimchagua ili aende kucheza mpira wa kulipwa. Jamaa akakataa. Akaenda kusoma biashara Harvard, akatumikia jeshi la wanamaji, kisha akaingia kwenye shughuli zake. Kwake michezo ilikuwa sehemu ya elimu, si kazi. Binti zake walikua ndani ya fikra hiyo.

Kuwa mtoto wa staa ni mzigo. Kila unakokwenda watu wanakutazama wakimtafuta baba yako usoni mwako. Kwa mtoto wa kike wa miaka ile ya 1960 na 1970 mzigo ulikuwa na upande wa pili. Hata ukiwa na kipaji kuliko baba, kipaji hicho ulikuwa ukipeleke wapi?

MLANGO UNAFUNGULIWA

Hapa lazima turudi nyuma kidogo, maana bila kuelewa hili huwezi kuelewa ukubwa wa alichofanya Patty.

Princeton ilianzishwa mwaka 1746. Kwa zaidi ya miaka 200 ilikuwa ni chuo cha wanaume. Dick Kazmaier alipokuwa akishangiliwa mwaka 1951, hakukuwa na mwanafunzi hata mmoja wa kike wa shahada ya kwanza aliyekuwa akisoma naye. Wanawake walianza kupokelewa mwaka 1969. Yaani Patty alikuwa na umri wa miaka saba wakati chuo cha baba yake kinaamua kwamba hata yeye siku moja anaweza kuingia.

Miaka mitatu baadaye, 1972, Marekani ikapitisha sheria iliyopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia kwenye shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali. Sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya michezo pekee, lakini kwenye michezo ndiko ilikopiga kelele zaidi. Vyuo vikalazimika kufikiria upya nani anapata uwanja, nani anapata kocha, nani anapata jezi.

Kwenye hoki ya barafuni, mabinti wa chuo cha Pembroke, kilichokuwa tawi la wanawake la Brown, walikuwa wameanza mapema, mwaka 1964. Lakini timu moja haichezi ligi. Ilichukua zaidi ya miaka kumi hadi vyuo vya kutosha vikawa na vikosi vya kike, na mwaka 1976 vyuo vya Ivy League vikaanza kuwania ubingwa wao. Princeton yenyewe ilianza kuwa na timu kamili ya wanawake inayotambuliwa na chuo mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970.

Kwa hiyo Patty Kazmaier alipowasili Princeton mwaka 1981, hakuikuta timu yenye historia ndefu. Hakukuta makabati yaliyojaa vikombe vya kike. Alikuta timu changa, ambayo bado ilikuwa inatafuta watu wa kuijengea jina.

Alikuta pia kitu kingine, nacho ni uwanja wa barafu uitwao Hobey Baker. Tutaurudia uwanja huu.

BEKI KISIKI

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, picha ni hii. Uwanja ni wa barafu, urefu wa kama mita 61 na upana wa mita 26, umezungushiwa ukuta. Kila timu ina watu sita ndani, yaani kipa mmoja, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Wanavaa viatu vyenye kisu chini, wanashika magongo, na wanachogombania si mpira wa duara bali kisahani kigumu cha mpira mweusi. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20 kila kimoja. Wachezaji hubadilishana mechi ikiwa inaendelea, mtu anaingia kwa chini ya dakika moja hivi, anamaliza pumzi, anatoka, mwingine anaruka ukuta na kuingia.

Sasa fikiria ukiwa beki kwenye mchezo huo. Mko wawili tu. Straika anakujia kwa kasi ambayo kwenye nyasi haipo, na wewe unatakiwa umkabe huku ukiteleza kinyumenyume. Ukikosea hatua moja nyuma yako amebaki kipa peke yake. Na ukiupata ule mzigo, kazi haijaisha. Beki ndiye anayeanzisha shambulizi, anatakiwa ainue kichwa, aone nani yuko huru, atoe pasi safi kabla hajafikiwa.

Hiyo ndiyo nafasi aliyocheza Patty. Wanaomzungumzia humuita nguzo ya ulinzi wa Princeton, na neno hilo linatosha. Nguzo haishangiliwi. Watu wanaingia nyumbani wanasifia pazia, wanasifia kochi, wanasifia rangi ya ukuta. Nguzo wanaikumbuka siku nyumba inapoyumba.

Na nyumba ya Princeton haikuyumba.

Kabla yake, ubingwa wa Ivy League kwa wanawake ulikuwa mali ya Cornell. Walitamba tangu mashindano hayo yalipoanza 1976, wengine wote wakawa kama wasindikizaji. Msimu wa 1981/82 Princeton ikauchukua. Watu wanaweza kusema bahati. Msimu wa 1982/83 ikauchukua tena. Msimu wa 1983/84 ikauchukua kwa mara ya tatu mfululizo. Hapo neno bahati likakosa pa kukaa.

Ivy League ni kundi la vyuo vinane vikongwe vya mashariki mwa Marekani, na kwenye hoki ya wanawake wanakutana sita. Hao ni Brown, Cornell, Dartmouth, Harvard, Princeton na Yale. Vyuo hivi vina utaratibu wao wa kipekee. Havitoi ufadhili wa masomo kwa sababu ya kipaji cha michezo. Hata uwe fundi kiasi gani, unaingia darasani kama wengine, unafanya mitihani kama wengine, halafu jioni unafunga viatu vya barafu. Hakuna anayekulipia ada kwa sababu unakaba vizuri.

Kwa hiyo mabinti wale walicheza kwa sababu waliupenda mchezo. Na hili ndilo jambo ambalo baadaye lingeandikwa kwenye vigezo vya tuzo yenye jina la Patty.

BORA WA LIGI, 1986

Patty hakuwa mchezaji wa msimu mmoja. Alipata heshima ya kuwa mchezaji rasmi wa timu ya chuo kwa misimu minne, na mara zaidi ya moja alitajwa kwenye kikosi bora cha Ivy League, kile ambacho makocha hukipanga kwa kuchukua wakali kutoka vyuo vyote.

Kilele kikaja mwaka 1986, mwaka wake wa mwisho chuoni. Akatajwa kuwa mchezaji bora wa Ivy League.

Kwa watu wa soka, hili halihitaji maelezo marefu. Tuzo za mchezaji bora huwa zinakwenda kwa wafungaji. Straika akitikisa nyavu mara 20, nani atamkumbuka beki aliyezuia mabao 20? Takwimu za mabao zinaandikwa ubaoni. Bao lililozuiwa haliandikwi popote. Ili beki apewe tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima, inabidi kila aliyewahi kucheza dhidi yake awe anakubali moyoni kwamba pale palikuwa na kisiki.

Miaka 35 baada ya baba yake kutwaa Heisman akiwa na jezi ya Princeton, binti naye akatoka chuo kilekile akiwa bora. Tofauti ni moja tu. Baba alipomaliza, klabu ya kulipwa ilimbishia hodi na yeye akawa na uhuru wa kusema hapana. Binti alipomaliza, hakuna aliyebisha hodi, kwa sababu hakukuwa na mlango.

Mwaka 1986 hakukuwa na ligi ya kulipwa ya wanawake. Hakukuwa na Kombe la Dunia rasmi la wanawake. Hoki ya wanawake haikuwamo kwenye Olimpiki. Hata ubingwa wa taifa wa vyuo chini ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ulikuwa haujaanzishwa kwa mabinti. Mchezaji bora wa Ivy League alivua viatu vyake, akachukua shahada yake, akaenda kuanza maisha kama mhitimu mwingine yeyote. Aliolewa, akawa Patty Kazmaier-Sandt, akapata mtoto wa kike.

UGONJWA USIO NA HURUMA

Februari 15, 1990, Patty akafariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 28.

Kilichomuua ni ugonjwa adimu wa damu ambao madaktari huuita kwa kifupi TTP. Kwa maelezo rahisi, damu inaanza kuganda yenyewe ndani ya mishipa midogo mwilini, vipande vidogo vidogo vya damu iliyoganda vinaziba njia. Chembe zinazosaidia damu kuganda zinatumika zote huko, kwa hiyo mgonjwa anakuwa na matatizo mawili yanayopingana kwa wakati mmoja. Ndani damu inaganda pasipotakiwa, na mahali inapotakiwa igande haigandi. Chembe nyekundu zinavunjwa zikijaribu kupita. Ubongo, moyo na figo vinakosa damu ya kutosha. Huwapata zaidi wanawake, na huwapata hata watu wazima wenye afya nzuri, wasiokuwa na dalili yoyote jana yake.

Ugonjwa huo ulielezwa kitabibu kwa mara ya kwanza mwaka 1924. Kwa miongo mingi kuupata ilikuwa ni sawa na hukumu, wagonjwa tisa kati ya kumi walikufa. Baadaye madaktari wakagundua kwamba kuondoa majimaji ya damu ya mgonjwa na kumuwekea ya watu wenye afya kunaokoa wengi. Utafiti mkubwa wa Canada uliothibitisha njia hiyo ulichapishwa mwaka 1991. Chanzo chenyewe, yaani upungufu wa kimeng'enya fulani kwenye damu, kilikuja kueleweka karibu miaka kumi baada ya Patty kuzikwa.

Alikuwa amezoea kukaba kitu anachokiona kinakuja. Hiki hakuna aliyekiona.

MWEZI MMOJA TU

Kuna jambo moja ambalo ukilisoma linauma.

Machi 1990, mwezi mmoja baada ya kifo chake, mji wa Ottawa nchini Canada ulifungua milango kwa Kombe la Dunia rasmi la kwanza la hoki ya barafuni kwa wanawake. Wenyeji Canada walivaa jezi za rangi ya waridi ambazo zilizua gumzo kila kona. Marekani ilifika fainali, ikafungwa na Canada mabao 5-2. Watu waliojaa uwanjani waliwaonyesha viongozi wa mchezo kwamba wanawake nao wana mashabiki.

Kutoka hapo mambo yakaenda kasi. Mwaka 1992 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikakubali kuiingiza hoki ya wanawake. Mwaka 1998, kule Nagano, Japan, ikachezwa kwa mara ya kwanza, na Marekani ikaichapa Canada 3-1 kwenye fainali na kuchukua dhahabu. Sehemu kubwa ya mabinti wale wa Nagano walitokea kwenye timu za vyuo vya kaskazini mashariki, kule kule Patty alikokuwa akikipiga.

Angekuwa hai, siku ile ya dhahabu angekuwa na miaka 36. Pengine asingekuwa uwanjani. Lakini angekuwa amekaa mahali anatazama barabara ambayo yeye na wenzake walisaidia kuifyeka, sasa inapitisha magari.

TUZO YENYE JINA LAKE

Dick Kazmaier hakuwa mtu wa kukaa na majonzi bila kufanya kitu. Alikuwa amemzika mtoto, jambo ambalo mzazi hapaswi kulifanya. Alichofanya ni kushirikiana na taasisi ya USA Hockey Foundation kuanzisha tuzo ya mchezaji bora wa hoki ya wanawake katika vyuo vya daraja la juu Marekani. Tuzo ikapewa jina la Patty Kazmaier.

Ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1998, mwaka uleule wa Nagano. Aliyeanza kuitwaa ni Brandy Fisher wa New Hampshire. Mwaka uliofuata ikaenda kwa A.J. Mleczko wa Harvard, aliyekuwa ametoka kuvaa dhahabu ya Olimpiki.

Vigezo vyake si mabao peke yake. Wanaangalia kipaji, uwezo wa kuibeba timu mechi ikiwa ngumu, ushindani, uungwana uwanjani, tabia ya mtu na mapenzi yake kwa mchezo. Masomo na mchango kwa jamii pia vinahesabika. Yaani ukiusoma mkeka huo wa vigezo, unakuwa kama unachorewa picha ya aina ya mwanamichezo ambaye baba yake aliamini mwanafunzi anapaswa kuwa.

Kuanzia 1998 hadi 2025 tuzo imetolewa mara 28. Mcanada Jennifer Botterill wa Harvard ndiye pekee aliyeitwaa mara mbili, 2001 na 2003. Harvard na Wisconsin ndio wafalme, kila kimoja kimeondoka nayo mara sita. Orodha ina majina ya wababe watupu, wakiwamo Krissy Wendell, Julie Chu, Meghan Duggan, Amanda Kessel na Kendall Coyne. Mwaka 2018 Daryl Watts wa Boston College akawa wa kwanza kuichukua akiwa mwaka wa kwanza chuoni.

Na kuna vichekesho vya dunia. Katika muda wote huo hakuna hata mchezaji mmoja wa Princeton aliyeitwaa tuzo yenye jina la binti wa Princeton.

Kichekesho cha pili kinahusu nafasi uwanjani. Tuzo ni ya jina la beki, lakini imekuwa ikienda kwa washambuliaji, na mara chache kwa makipa. Ilibidi kusubiri hadi 2004 ili beki aichukue, naye alikuwa Angela Ruggiero wa Harvard. Kisha ukapita ukame mrefu hadi 2023, alipokuja Sophie Jaques wa Ohio State. Huyu aliandika historia mara mbili, maana alikuwa pia mchezaji wa kwanza mweusi kuitwaa. Mabeki wawili tu katika miaka 28. Inaonyesha namna Patty alivyofanya kitu kigumu mwaka 1986.

HOBEY NA PATTY

Sasa turudi kwenye ule uwanja.

Hobey Baker alikuwa staa wa Princeton kati ya 1910 na 1914. Alikuwa nahodha wa hoki na nahodha wa mpira wa miguu wa Kimarekani, na hadi leo ndiye mtu pekee aliyemo kwenye majumba ya heshima ya michezo hiyo miwili, la hoki na lile la mpira wa vyuo. Alisifika kwa uungwana, alikuwa akiingia chumba cha wapinzani baada ya mechi kuwapa mikono. Vita Kuu ya Kwanza ikaja, akaenda Ufaransa kuwa rubani. Vita ikaisha Novemba 1918 akiwa mzima. Desemba 21, akiwa tayari ana karatasi za kurudi nyumbani, akapanda kuijaribu ndege iliyokuwa imetengenezwa. Injini ikazima, ndege ikaanguka. Alikuwa na miaka 26.

Princeton ikajenga uwanja wa barafu na kuupa jina lake, ukafunguliwa mwaka 1923. Mwaka 1981 ikaanza kutolewa tuzo ya mchezaji bora wa hoki ya vyuo kwa wanaume, ikaitwa Hobey Baker.

Tazama mwaka huo. 1981 ndio mwaka Patty aliingia Princeton. Mwaka ambao jina la Hobey linageuka tuzo, binti ambaye naye jina lake lingegeuka tuzo alikuwa anafunga kamba za viatu ndani ya uwanja wenye jina hilohilo. Leo tuzo mbili kubwa za hoki ya vyuo Marekani, ya wanaume na ya wanawake, zina majina ya wanafunzi wa chuo kimoja, wote wawili walifariki kabla ya kufikisha miaka 30.

BABA AMFUATA

Mwaka 2008 Princeton iliamua kwamba namba 42 haitavaliwa tena na mwanamichezo yeyote wa chuo hicho, katika mchezo wowote. Ilikuwa ni heshima kwa wawili walioivaa, mchezaji kikapu Bill Bradley na Dick Kazmaier.

Lakini kwa Dick, namba ya jezi haikuwa kubwa kuliko shughuli ya kila Machi ya kumpongeza binti mwingine kwa jina la binti yake. Aliifuatilia tuzo hiyo kwa karibu hadi uzeeni. Agosti 1, 2013 alifariki dunia huko Boston akiwa na miaka 82. Alikuwa ameishi miaka 23 bila Patty, na katika miaka hiyo ameshuhudia jina la mtoto wake likitangazwa mara 16.

Kwa sasa wanawake wa hoki wana ligi ya kulipwa, PWHL, iliyoanza Januari 2024 ikiwa na timu za Canada na Marekani. Wachezaji wanasaini mikataba, wanachaguliwa kwa zamu kama wanaume. Kwenye uchaguzi wa wachezaji wapya wa mwaka huo, wa kwanza kabisa kuitwa alikuwa Sarah Fillier, aliyechukuliwa na New York. Alitokea Princeton.

Fillier alifanya mazoezi na kucheza kwenye barafu ya Hobey Baker, palepale Patty alipokuwa akiteleza kinyumenyume kumkaba straika. Kwa Patty, mwisho wa chuo ulikuwa mwisho wa hoki ya ushindani. Kwa Fillier ulikuwa mwanzo wa ajira.

Mlango ambao mwaka 1986 haukuwepo, sasa upo.